Naenda Siku Tisa, Narudi. Ugumu wa Kuamini Hapo Uko Wapi?

Wasee wangu, nimenyimwa viza. Sitataja ubalozi gani, kwa sababu nitaomba tena na mimi si mjinga. Na msinihurumie bado, maana kunyimwa viza si habari. Kila mtaa una mtu amenyimwa. Kilichonikera ni kingine: sababu niliyopewa na ubalozi ni ile ile niliyokuwa nimeshapewa na mjomba wangu, na yule jamaa wa boda pale steji ya Ewuaso, na wasichana watatu niliosoma nao Kitengela. Wote wamekataa kitu kimoja. Kwamba mtu wa umri wangu, kutoka hapa kwetu, anaweza kupanda ndege kwenda Ulaya, akakaa siku tisa, akala, akacheka na marafiki, akazunguka miji miwili mitatu, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake.

Kwa hivyo nimekasirikia pande zote mbili, na leo kila upande utapata mgao wake.

Kwanza mjue ni safari gani. Nina rafiki. Tulijuana 2019 alipokuja kupanda Mlima Suswa na wenzake, nami nilikuwa mtoto wa shule niko likizo, nabeba maji na kujifanya najua njia zote. Ewuaso Kedong, kwa wasiopajua, ni kituo chetu kwenye barabara ya kutoka Ngong kwenda Suswa: maduka, hoteli za chai na nyama, vumbi, na huo mlima mbele yako kila ukiinua macho. Wageni wengi hupita tu. Huyu alirudi. Februari 2024 alikuja na mumewe, akiwa na mimba, wakalala kwetu usiku kumi na moja. Kwetu nyumbani, si kambini. Mama alimpikia, alimkanda miguu, akamfundisha kutunga shanga. Julai mtoto akazaliwa, na akapewa jina la mama yangu.

Sasa niambieni. Mtoto akipewa jina la mama yako, kuna mtu wa kwenu atakosa kwenda kumwona kweli? Mama mwenyewe hataki kusikia habari za ndege, anasema vitu vya juu ni vya ndege wenye manyoya. Basi nitumwe mimi. Mama akatunga bangili ya shanga, akaipima kwenye mkono wa mtoto wa jirani ambaye anakaribia mwaka, akaifunga kwenye kitambaa. Mpango ulikuwa nifike siku ya kuzaliwa ya mtoto, Julai 2025. Siku tano kwa rafiki yangu, usiku mmoja Leipzig kwa dada tuliyesoma naye ambaye anasomea huko, siku mbili Prague kwa sababu nimetaka kuona ule mji tangu nikiwa kidato cha pili, na siku moja ya njiani. Ndiyo siku tisa. Hakuna kitu kingine kilichofichwa humo.

Mliofanya Kiswahili vizuri shuleni mnakumbuka kauli za vitenzi. Kutembelea, kutembelewa, kutembeleana. Urafiki wa watu uko kwenye hiyo ya tatu. Rafiki yangu ametembelea, mama yangu ametembelewa, lakini ile -ana imekwama mahali, na imekwama kwa karatasi.

Angalieni alivyokuja yeye. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni, ikaweka kile kibali cha mtandaoni, dola 30. Aliulizwa ndege yake na mahali atakapolala, akajaza kwenye simu akiwa kwa kochi lake, kibali kikaja. Hakuna aliyetaka kujua mshahara wa mumewe. Hakuna aliyemwuliza kwa nini mwanamke mjamzito aje kulala Ewuaso Kedong wakati kwao kuna hospitali nzuri. (Na sisi si malaika. Juzi 2025 Kenya imewaondolea Waafrika karibu wote hicho kibali, lakini Msomali bado yuko nje ya mlango. Hiyo nitaiandikia siku yake.)

Yangu mimi: yuro 90, bei iliyopanda kutoka 80 mwezi wa Juni 2024. Hizo ni kama elfu kumi na tatu na nusu za Kenya, na hazirudi hata ukinyimwa. Juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea fomu. Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Buking ya ndege. Barua ya mwaliko. Taarifa ya benki. Barua ya mwajiri. Mimi mwajiri wangu ni hii kamera; napiga video za kambi za watalii na za watu wanaouza mashamba, nalipwa kwa M-Pesa, na pesa ya M-Pesa haikai benki ikisubiri kuangaliwa na balozi. Nikauliza nyumbani kama baba anaweza kunidhamini. Baba ana ng'ombe. Ng'ombe ndiyo benki yake, na kwa bei za leo si masikini hata kidogo, lakini ng'ombe hana taarifa ya miezi sita yenye muhuri.

Baba akasema basi ataandika barua. Akanisomea, nikaandika, kwamba binti yake lazima arudi kwa sababu ng'ombe wake aliyepewa akiwa mdogo anatarajiwa kuzaa mwezi wa nane na hakuna mwingine atakayemsimamia. Nikaitafsiri nikaiweka kwenye faili. Marafiki zangu wa Nairobi wanasema hiyo barua ndiyo iliyoniua. Mimi naona ndiyo karatasi pekee kwenye faili lile iliyosema ukweli wote. Nyingine zote zilikuwa za kuigiza mtu ambaye si mimi.

Siku ya miadi nilitoka Ewuaso saa kumi alfajiri, nikapita Ngong kukiwa bado giza, nikafika Westlands na mapema yangu. Wiki tatu baadaye nikarudishiwa pasipoti na karatasi yenye visanduku. Kimoja kimetiwa alama. Kwa Kiswahili changu kinasema: tuna shaka kwamba utaondoka kabla viza haijaisha. Hakuna sentensi nyingine. Hakuna "kwa sababu pesa zako ni kidogo", au "kwa sababu barua ya ng'ombe imetuchekesha". Shaka tu.

Mnajua ile methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa watu wameigeuza. Wanaona jembe mkononi mwangu kabla sijabisha hodi.

Nimefikiria sana hiyo shaka, na ninataka kuibishia kwa vitu vitatu, cha kwanza kikiwa hapa Kajiado kwetu. Nendeni Namanga. Mpaka ule ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, wakagawana Wamaasai katikati kama kitambaa. Mpaka leo watu wa huku wana mashemeji upande wa Longido, wa kule wana wajomba huku. Kukiwa na harusi wanavuka, wanakula nyama, wanaimba, wanalala, wanarudi kwa mifugo yao. Hakuna mtu wa Namanga anayeona mwenzake akivuka akasema huyo ametoroka. Kutembelea watu ni jambo linalojulikana mwisho wake: unarudi, kwa sababu una kwenu. Na tukiongea kuhusu wageni waliokataa kurudi kwao, wacha nisitaje mengi. Mwanajiolojia John Walter Gregory alipita Bonde la Ufa mwaka 1893, akapima mawe yake, akarudi Uingereza, na tawi letu la bonde likapewa jina lake. Huyo alikuwa mgeni mzuri. Waliomfuata ndio hawakurudi. Kufikia 1904 Wamaasai walikuwa wanaondolewa kwenye bonde kwa mkataba ili hao wageni wapate nafasi. Historia ya watu waliokuja kutembea wakakaa tunaijua sisi, asante.

Cha pili ni Leipzig yenyewe, huo mji niliokuwa nilale usiku mmoja. Dada yangu wa huko alinitumia picha ya kanisa la Nikolaikirche na kuniambia nisome kabla sijafika, nami nikasoma. Mwaka 1989 watu walikuwa wanakusanyika pale kila Jumatatu, na tarehe 9 Oktoba watu kama elfu sabini waliandamana mjini, bila kujua kama watapigwa risasi. Walidai mambo mengi, na moja lilikuwa hili: turuhusiwe kusafiri. Serikali yao ya Ujerumani Mashariki ilikuwa na shaka ile ile ya kisanduku changu. Iliamini ukimfungulia mtu mlango, harudi. Tangu 1964 ilikuwa inawaruhusu wazee waliostaafu kwenda kuwaona jamaa zao magharibi, kwa sababu mzee akibaki huko si hasara kwa kiwanda. Vijana wakae ndani. Ni kama kusoma sheria za leo za viza: ukiwa na miaka sitini na pensheni unaaminika, ukiwa na ishirini na mbili na kamera wewe ni mtoro ambaye hajakamatwa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, afisa wa chama, Günter Schabowski, akasoma mbele ya waandishi wa habari kanuni mpya za kusafiri, na usiku huo ukuta wa Berlin ukafunguka. Siku zilizofuata mamilioni walivuka. Magharibi iliwapokea kwa pesa ya kuwakaribisha, alama 100 kwa kila mtu. Tafadhali someni hiyo sentensi mara mbili: walipewa pesa ya kutembea. Na walifanya nini? Wapo waliobaki, ndiyo, tena si wachache. Lakini walio wengi waliona maduka, wakanunua vitu vidogo, wakawaona mashangazi, wakarudi nyumbani. Mji ule unasherehekea jambo hilo hadi leo.

Cha tatu. Umoja wa Ulaya una mpango unaoitwa DiscoverEU, ulioanza 2018. Vijana wao wa miaka 18 wanaomba, wakichaguliwa wanapewa pasi ya treni ya bure wazunguke nchi za wenzao. Sichukii mpango huo, ni mzuri kweli. Wameelewa kwamba kijana akilala kwa rafiki mji mwingine, akapotea njia, akala chakula asichokijua, anarudi akiwa mtu mwenye akili pana zaidi. Wameelewa mpaka wanalipia. Na mimi ninayetaka kujilipia mwenyewe siku tisa za kitu hicho hicho, naambiwa kitu hicho hakipo, lazima kuna kingine nyuma yake.

Najua mtaniambia: lakini kuna wanaobaki. Kweli, kuna wanaobaki. Mimi mwenyewe najua wawili, na mmoja aliondoka na viza ya siku kumi. Sitawasema vibaya kwa sababu sijui njaa yao. Lakini jiulizeni kwa nini mtu anabaki. Ukijua kwamba mlango huu ukitoka hutauingia tena, utatoka? Mwanasosholojia Douglas Massey amechunguza kwa miaka mingi Wamexico wanaokwenda Marekani, na alichokuta ni kwamba zamani walikuwa wanaenda na kurudi, na mpaka ulipokazwa sana wakaacha kurudi. Walibaki kwa kuogopa kushindwa kuingia tena. Kufuli lenyewe ndilo lililowafanya wakae. Mtu anayejua ataruhusiwa tena mwaka ujao hana haja ya kujificha kwa miaka kumi jikoni mwa mtu.

Na pesa inayoachwa mlangoni si mchezo. Shirika la LAGO Collective lilipiga hesabu kwamba mwaka 2023 ada za waombaji walionyimwa viza za Schengen duniani zilifika kama yuro milioni 130, nyingi zikitoka Afrika na Asia. Zangu zimeingia hesabu ya 2025.

Haya. Sasa tugeuke, maana nilisema pande mbili.

Nilipoanza kupanga safari mjomba wangu alifurahi sana. Alikuwa tayari kuchanga elfu tano na kuita wengine. Akaniuliza narudi lini, nikasema baada ya siku tisa. Uso ukabadilika kabisa. "Hiyo si safari," akasema, "hayo ni matembezi." Elfu tano ikarudi mfukoni. Jamaa wa boda hata hakujaribu kuwa na adabu: "Ukirudi wewe ni fala." Wasichana wangu wa Kitengela waliniandalia chai ya kuagana, tukapiga picha, mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini nimepangiwa kazi gani huko. Nikasema sina kazi, naenda kuona mtoto. Wakacheka wote, ile ya "sawa, hutaki kutuambia".

Wasee, hii ni noma kuliko ubalozi. Sisi wenyewe tumekubali kwamba mtu wetu hawezi kuwa mgeni. Akienda Ulaya ni lazima awe anatoroka. Mtu akirudi baada ya wiki mbili, swali la kwanza ni "walikufukuza?" Kuna kijana naye wa huku Kajiado alienda kwa dada yake, akarudi kwa tarehe iliyo kwenye viza kama mtu mzima, na mpaka leo kijijini kwao inasemekana alidepotiwa. Kwa kuheshimu sheria amepata aibu. Angebaki akilala kwa kochi za watu bila karatasi, tungemwita shujaa na kumtumia maombi ya simu mpya. Halafu tunashangaa ubalozi una shaka? Hiyo shaka tunaipikia hapa nyumbani, kwa harambee za kumwaga mtu na kwa kila picha ya JKIA tunayoandikia "usirudi bila mzungu".

Na wale wa "tembea Afrika kwanza", "kwani Diani umemaliza?", nimewasikia. Nimefika Kigali kwa kitambulisho tu, maana tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, na kama hamjaitumia nafasi hiyo mnajinyima. Afrika Kusini nayo imetufungulia bila viza tangu Januari 2023, hadi siku tisini kwa mwaka. Nitaenda. Lakini mnanijibu swali ambalo sikuuliza. Mimi siendi kulinganisha majengo. Mtoto mwenye jina la mama yangu haishi Diani.

Ninachotaka si mpaka ufunguliwe kesho. Nataka vitu vidogo ambavyo vingewezekana wiki hii. Ukininyima, niandikie sentensi tatu za kibinadamu, nijue nirekebishe nini. Rudisha angalau nusu ya ada, kwa sababu sikununua chochote. Hesabu safari ambazo mtu amekwenda na akarudi, hata za Kigali, hata za Namanga kwa mihuri ya pasipoti, kuwa ushahidi wenye uzito kama salio la benki. Na kuwe na mahali pa kukata rufaa ambapo mtu wa Ewuaso anaweza kufika. Ujerumani, ambayo si niliyoiomba mimi, tangu tarehe 1 Julai 2025 imefuta ile njia ya kuandika barua kwa ubalozi kupinga kunyimwa. Ukitaka kupinga, unaomba upya kwa ada mpya au unaenda mahakama ya Berlin. Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kufika Ulaya anaelekezwa mahakama ya Ulaya. Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Kwenu ninyi nataka kitu kimoja tu. Mkisikia mtu anaenda wiki moja kuona rafiki, mwambieni "safari njema, tuletee habari". Mwisho. Msimuulize kazi.

Ng'ombe alizaa tarehe 19 mwezi wa nane, ndama jike, na nilikuwepo, kama barua ilivyosema. Nimetuma picha kwa rafiki yangu. Naomba tena mwezi wa pili, pesa ya ada nimeshaitenga, na safari hii nimehamisha malipo yote yapitie benki ili wapate hiyo stetimenti yao. Barua ya baba naiweka tena, na picha ya ndama nyuma yake. Rafiki yangu alituma video ya mtoto akitembea akishikilia kiti. Mama alitazama mkono tu. Akasema bangili imekuwa ndogo, akakata uzi, akaanza kuongeza shanga.